Wicca: Dini Changa Iliyojitwalia Jina la Kale

Mpwa wangu ni muuguzi katika hospitali moja huko Uingereza. Usiku mmoja alinipigia simu wakati wa mapumziko yake, akinong'ona.

"Shikamoo mjomba. Samahani, najua huko ni usiku mkubwa."

"Marahaba mama. Kuna nini?"

"Nina mgonjwa hapa, bibi mtu mzima. Kwenye fomu, mahali pa dini, kaandika Wicca. Nikamuuliza ndiyo dini gani hiyo, akanitazama usoni akaniambia, mimi ni mchawi. Hivi hivi, kama mtu anayesema mimi ni Mkatoliki. Shingoni ana kidani cha nyota ndani ya duara, hataki kivuliwe. Sasa mimi nifanyeje?"

Nilimwambia asiogope, amhudumie bibi wa watu, na kwamba nitamwandikia. Nilidhani karatasi moja ingetosha. Haikutosha, kwa sababu kila fundo nililofungua lilikuwa limeshikana na jingine. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiyapanua kidogo kwa ajili ya wengine wanaojiuliza swali lile lile.

Tuanze na neno, maana ndilo lililomtia mpwa wangu baridi. Bibi yule alitumia neno la Kiingereza, *witch*, ambalo kamusi zetu hulifasiri "mchawi". Kamusi hazikukosea, ila zimebeba nusu ya mzigo. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru: anaroga, anawanga usiku, anafanya mtoto wa jirani asikue. Anayetibu na kuagua ana jina lake, mganga. Na mchawi hajitaji. Uchawi ni jina unalobandikwa na wenzako, tena mara nyingi likiwa ni hukumu tayari. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikopikia watoto wao maisha yote. Neno hili kwetu lina damu, na mtu akilisikia linatamkwa kwa tabasamu kitandani hospitalini, ana haki ya kushtuka.

Ulaya nayo ina damu hiyo hiyo. Kati ya miaka ya 1450 na 1750 hivi, watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa hukumu za uchawi, wengi wao wanawake, wengi wao maskini. Scotland na bara la Ulaya walichomwa moto; England walinyongwa. Idadi ya milioni tisa inayozunguka mitandaoni haina msingi, na haihitajiki: hiyo 50,000 inatosha kabisa kumnyima mtu usingizi. Waliouawa walikuwa Wakristo kama majirani zao, na wengi walikufa wakiapa kwamba hawajui lolote. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu dini tunayoizungumzia ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya kulisahau.

Aliyeifanya Wicca ijulikane ni mtumishi mstaafu wa forodha. Gerald Gardner alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool, katika familia ya wafanyabiashara wa mbao. Pumu ilimsumbua tangu utotoni, kwa hiyo yaya wake alikuwa akimzungusha nchi za joto, na shule hakuisoma sawasawa. Mwaka 1900 alipelekwa Ceylon, leo Sri Lanka, kwenye mashamba ya chai. Kisha Borneo, kisha Malaya, alikofanya kazi kwenye mashamba ya mpira na baadaye akawa ofisa wa forodha huko Johor. Huko alipenda sana mambo ya wenyeji, na zaidi ya yote alizipenda silaha zao. Aliandika kitabu kizima kuhusu kris, lile jambia la Kimalay lenye makali ya mawimbi, ambalo wenyewe huliona kuwa na nguvu zake. Visu tutavikuta tena mbele.

Alistaafu mwaka 1936, na miaka miwili baadaye akahamia Highcliffe, kijiji cha pwani ya kusini mwa England karibu na msitu wa New Forest. Hapo alijiunga na kikundi cha watu waliokuwa wakifanya maigizo na kusoma elimu za siri, na ndani ya kikundi hicho, kwa maelezo yake mwenyewe, kulikuwa na wachache waliokaa kimya pembeni. Hao ndio waliomwingiza mwezi Septemba 1939 katika ibada yao usiku. Katikati ya sherehe akasikia neno "wica" likitamkwa, akaelewa, alisema baadaye, kwamba dini ya kale aliyodhani imekufa bado inaishi. Alisimulia pia kwamba mwaka 1940, Hitler alipokuwa ng'ambo ya mlango wa bahari akijiandaa kuvamia, wachawi hao walikusanyika msituni wakazunguka kwa ngoma na kumtupia wazo moja kichwani: huwezi kuvuka bahari.

Neno lenyewe ni la kweli. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, *wicca* alikuwa mwanamume anayefanya uchawi, na mwanamke aliitwa *wicce*. Zile herufi mbili za katikati zilitamkwa kama "ch" yetu. Waumini wa leo hutamka "wika".

Je, kikundi kile kilikuwepo? Inaonekana ndiyo. Mwanamke aliyetajwa kuwa kiongozi wake, Dorothy Clutterbuck, kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni wa kubuni, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hati zake za kuzaliwa na kufa zilipopatikana. Lakini kuwepo kwa mtu si uthibitisho kwamba alikuwa mchawi, na kuwepo kwa kikundi cha mwaka 1939 si uthibitisho kwamba kilirithi kitu kutoka enzi za mawe. Hapo ndipo anapoingia mtu mwingine ambaye, kwa maoni yangu, ana uzito kuliko Gardner katika kisa hiki.

Margaret Murray alikuwa mtaalamu wa Misri ya kale katika chuo kikuu jijini London, msomi wa kweli katika fani yake. Mwaka 1921 alitoka nje ya fani hiyo akachapisha kitabu kilichodai kwamba wale waliouawa kwa uchawi walikuwa waumini wa dini ya kale ya uzazi, dini ya mungu mwenye pembe, iliyokuwa imejificha chini ya Ukristo kwa karne nyingi, ikikutana katika vikundi vya watu 13. Wanahistoria waliozisoma zile kesi walimpinga mapema: alichagua sentensi zilizomfaa, akaziacha zile ambazo mshtakiwa anasema ameruka angani au amekula na ibilisi, na akachukulia maneno yaliyokamuliwa kwa mateso kuwa ni ushahidi. Ila mwaka 1929 aliombwa kuandika makala ya uchawi katika Encyclopaedia Britannica, akaiandika nadharia yake humo kana kwamba ni jambo lililokubaliwa na wote. Makala hiyo ilibaki mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Fikiria: vizazi viwili vya watu wanafungua kitabu kinachoheshimika kuliko vyote nyumbani, na kinawaambia kwamba wachawi walikuwa na dini. Gardner alipochapisha kitabu chake mwaka 1954 kusema kwamba dini hiyo ipo na yeye ni muumini wake, dibaji iliandikwa na Murray mwenyewe. Leo hakuna mwanahistoria wa maana anayeikubali nadharia ile.

Kwa nini Gardner alingoja hadi wakati huo? Sheria. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta hukumu ya kifo kwa uchawi na kuweka sheria mpya iliyosema, kwa ufupi, kwamba uchawi haupo, na anayejifanya anao ni tapeli wa kufungwa. Sheria hiyo ilikaa hai miaka zaidi ya mia mbili. Mwaka 1944 bado ilitumika kumfunga mwanamke mmoja, Helen Duncan, aliyedai kuzungumza na wafu. Mwaka 1951 ikafutwa. Na hapa Mswahili asimame kidogo. Waingereza hao hao walikuwa wametunga sheria za uchawi kwenye makoloni yao: Kenya mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, na Uganda mwaka 1957, yaani miaka sita baada ya kuifuta ya kwao. Ile ya Tanganyika bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania. Mstaafu wa forodha wa Kiingereza angeweza kujitangaza kuwa mchawi magazetini na kupigwa picha, wakati mwanamke wa Kiafrika chini ya bendera ile ile angepelekwa mahakamani kwa kusemwa tu na majirani.

Basi kama dini haikurithiwa, ilitoka wapi? Mkeka ni mpya, ukindu ndio wa zamani. Kutoka kwa Freemasons zilitoka ngazi tatu za kupanda, kufungwa macho na kamba siku ya kuingizwa, hata maneno ya kuitikia dua. Vitabu vya kale vya uganga wa kisomi wa Ulaya, vile vinavyonasibishwa na Nabii Suleiman, vilitoa duara la kuchora chini na kisu cha mpini mweusi. Mmarekani Charles Leland alikuwa amechapisha mwaka 1899 maandishi aliyosema ameyapata kwa mwanamke wa Italia, na humo mna amri ya kukusanyika mwezi ukiwa mpevu. Na Aleister Crowley, yule mtu wa elimu za siri aliyependa kuushtua umma, Gardner alimtembelea Hastings mwaka 1947, miezi michache kabla hajafa. Mashairi yake yalijaa tele katika ibada za mwanzo.

Aliyegundua hilo ni Doreen Valiente. Aliingizwa mwaka 1953, akapewa kitabu cha ibada akinakili kwa mkono kama desturi, na kwa kuwa alikuwa msomaji hodari akaanza kutambua mistari: huu ni wa Crowley, huu wa Leland. Akamwambia Gardner uso kwa uso. Gardner hakuruka mbali. Alijibu kwamba alichopokea kilikuwa vipande vipande, naye akajaziliza. Kisha akamwambia kwamba kama anaweza kufanya vizuri zaidi, afanye. Valiente akakaa chini akaandika. Waadhi wa Mungu wa Kike, yaani maneno ya mungu wao yanayonenwa ibadani, ambao karibu kila kikundi cha Wicca duniani hutumia, katika umbo lake linalopendwa ni kazi ya mkono wake. Kama Gardner ni baba wa dini hii, sauti yake ni ya Valiente.

Waligombana mwaka 1957. Gardner alipenda mno waandishi wa habari, na wenzake walipomtaka anyamaze akatoa "sheria za kale" ambazo hakuna aliyewahi kuziona kabla ya siku hiyo, mojawapo ikisema kuhani mwanamke akizeeka aondoke kwa hiari ampishe kijana. Gardner alikuwa na miaka zaidi ya 70. Valiente, mwenye miaka 35, akafunga virago. Alifariki mwaka 1999, na mwaka 2013 nyumba aliyoishi Brighton ikawekewa kibao cha kumbukumbu. Gardner alifia melini kwenye pwani ya Tunisia mwezi Februari 1964, akiwa njiani kutoka Lebanon, akazikwa Tunis. Kaburi la mwanzilishi wa dini hii ya Kiingereza likawa katika udongo wa Afrika.

Wapo wanaosikia habari hizi wakasema: kumbe ni uongo mtupu. Mimi sikubaliani. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, aliyeichambua historia yote hii katika kitabu chake cha mwaka 1999, alionyesha kwamba haina mnyororo wa kuifikisha enzi za kale, na papo hapo akaiheshimu kama dini kamili ambayo England ndiyo imeipa dunia. Wafuasi wengi wa leo wamelikubali hilo bila kutetereka. Uongo ulikuwa katika umri waliojipa, na umri wa dini ni jambo moja, ukweli wa anayeinama kusali ni jambo jingine.

Sasa wanaamini nini? Swali hili lina mtego ndani yake, kwa sababu sisi tuliokulia katika Uislamu na Ukristo tunategemea shahada au kanuni ya imani: tamka hivi, umo. Wicca haina. Haina msahafu, haina nabii, haina makao makuu. Kinachowaunganisha ni kile wanachofanya pamoja. Mmoja atakwambia miungu ni nafsi hai zinazosikia, mwingine atasema ni sura za nguvu iliyomo ndani ya kila kiumbe, na wote wawili watasimama katika duara moja bila ugomvi.

Katikati yuko Mungu wa Kike, ambaye alama yake ni mwezi, naye huonekana kwa sura tatu: mwali, mama, na bibi kizee, kama mwezi unavyoandama, kukua na kufifia. Pembeni yake yuko mungu wa kiume mwenye pembe, wa jua, wa msitu na wanyama. Pembe hizo ndizo zinazowaponza. Mtu akiona pembe anasema shetani, basi mazungumzo yameishia hapo. Ila shetani ni mhusika wa dini zetu. Kwao hayumo kabisa. Hawamwabudu wala hawamwamini. Wanaojiita Kanisa la Shetani ni watu wengine, walioanza San Francisco mwaka 1966, na nyota yao wameigeuza juu chini na kuitia kichwa cha mbuzi. Nyota ya Wicca ncha moja huelekea juu: nne ni ardhi, hewa, moto na maji, ya tano ni roho.

Maadili yao yamebebwa na kauli moja fupi: fanya utakalo, mradi usimdhuru yeyote. Valiente ndiye aliyeitamka hadharani mwaka 1964. Inasikika nyepesi mpaka ujaribu kuishi nayo siku moja, maana "yeyote" ni pamoja na wewe mwenyewe, na kwa wengi wao ni pamoja na mnyama na mti. Wengi huongeza kanuni ya mara tatu: unachokituma, chema au kibaya, hukurudia mara tatu. Mzee wa Kiswahili angesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa ndipo tofauti na mchawi wetu inapokuwa wazi kama mchana. Wicca wanafanya mambo wanayoyaita uchawi, ndiyo, ya mishumaa na mitishamba na nia iliyokazwa. Lakini kumroga jirani ni kuvunja dini yao. Kuhusu kifo, wengi huamini roho hupumzika kisha hurudi kuzaliwa tena.

Ibada yenyewe hufanyika wapi? Ukiwaza pango na mafuvu utakosea. Mara nyingi ni sebuleni. Sofa husukumwa ukutani, zulia hukunjwa, simu huzimwa. Kuna meza ndogo yenye mishumaa miwili, bakuli la maji, kisahani cha chumvi, chetezo cha ubani, kikombe cha divai. Kuhani mwanamke hutia chumvi kwenye maji kwa ncha ya kisu cha mpini mweusi, wanachokiita athame. Kisu hicho hakikati kitu, makali yake ni ya kuchora hewani tu. Huzunguka nacho jinsi jua linavyokwenda, akichora duara ambalo kwa desturi ni la futi 9, na duara likishafungwa waumini huona kwamba hawako tena sebuleni, wako mahali kati ya dunia mbili. Hugeukia mashariki na kuikaribisha hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Mwezi ukiwa mpevu, kuhani mwanamume humwomba Mungu wa Kike amshukie kuhani mwanamke, kisha yule mwanamke hunena kwa niaba yake. Kwetu, ambako watu wanajua mtu kupandisha, hili halihitaji maelezo marefu. Baadaye kisu hushushwa ndani ya kikombe, ishara ya kuungana kwa mwanamume na mwanamke ambako uhai wote unatoka. Divai na vitobosha hupita mkono kwa mkono. Pande nne huagwa moja moja, duara hufunguliwa, na sofa hurudishwa mahali pake.

Kuna jambo ambalo magazeti ya Uingereza yameliandika kwa miaka 70 bila kuchoka, nalo ni uchi. Gardner alikuwa mwanachama wa vilabu vya watu wanaokaa uchi juani, na kikundi chake kilikutana ndani ya klabu moja kama hiyo huko Bricket Wood, kaskazini ya London, katika kijumba cha kale. Alifundisha kwamba nguo huzuia nguvu za mwili na kwamba uchi hufuta tofauti ya tajiri na maskini. Vikundi vingine vimeendelea hivyo; vingi leo huvaa kanzu. Kikundi hakizidi watu 13 kwa desturi, mgeni hufundishwa kwa mwaka mmoja na siku moja kabla ya kuingizwa, na vikundi vingi havipokei mtu aliye chini ya miaka 18.

Sikukuu zao ni nane, nazo huitwa Gurudumu la Mwaka. Samhain, usiku wa 31 Oktoba, ni ya kuwakumbuka wafu. Yule, karibu 21 Desemba, ni ya jua kuzaliwa upya. Beltane, mwanzoni mwa Mei, ni ya maua na mapenzi. Lammas, 1 Agosti, ni ya mavuno ya kwanza ya nafaka. Kati yake zimo nyingine, zikigawa mwaka vipande karibu sawa. Zipo zilizo za kale kweli, moja moja, hapa na pale katika Ulaya. Zote nane kwa pamoja hakuna taifa la kale lililowahi kuziadhimisha. Kikundi cha Bricket Wood ndicho kilichoziunganisha, mwaka 1958, kwa sababu waumini walitaka siku zaidi za kusherehekea.

Ili uelewe kwa nini gurudumu hili linawashika watu moyo, lazima ufikirie nuru. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu kutoka mapambazuko, saa moja asubuhi ni saa moja tangu jua lichomoze, na inawezekana kwa sababu huku jua ni mwaminifu: Mombasa au Bujumbura, linatoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mwingereza hawezi kuhesabu hivyo hata siku moja. London mwezi Juni mwanga unakaa zaidi ya saa 16. Desemba haufiki saa 8, watoto wanarudi kutoka shuleni giza likiingia. Mpwa wangu aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza, Desemba ilipofika, alikuwa akilia bila sababu. Basi usiku wa Yule, watu wanapowasha mishumaa kumkaribisha mungu aliyezaliwa upya kama jua, hawachezi. Siku inayofuata itakuwa ndefu zaidi kwa sekunde chache tu, na hizo sekunde ni habari njema. Wafuasi wa Australia, ambako Desemba ni kiangazi, wameligeuza gurudumu lote na kusherehekea Yule mwezi Juni. Dini hii inafuata ardhi unayosimama, na hapo sifa yake ya dini ya asili inastahili.

Ingawa sifa hiyo pia ni changa kuliko inavyodhaniwa. Kwa Gardner, Wicca ilikuwa dini ya uzazi na ya siri, ya kupanda ngazi na kuapa kutotoboa. Kulinda misitu na mito hakukuwa mstari wa mbele. Raymond Buckland na mkewe waliipeleka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikakutana huko na harakati za wanawake na za mazingira. Siku ya Dunia iliadhimishwa kwa mara ya kwanza 22 Aprili 1970. Zsuzsanna Budapest akaanzisha Los Angeles kikundi cha wanawake watupu mwaka 1971. Starhawk, huko California, akafundisha kuanzia mwaka 1979 kwamba Mungu wa Kike hayuko juu ya dunia akiitawala, yeye ndiye dunia, hivyo kuutia mto sumu ni kumtia yeye sumu. Na mwaka 1988 Scott Cunningham akaandika mwongozo wa mtu anayetaka kufuata dini hii peke yake, bila kikundi wala kuhani. Huyo ndiye muumini wa kawaida leo: mtu mmoja, mshumaa mmoja, dirishani.

Idadi yao si kubwa. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2021 iliwahesabu watu wapatao 13,000 walioandika Wicca, na wengine 74,000 walioandika upagani kwa ujumla, katika watu karibu milioni 60. Marekani ni wengi zaidi. Huko mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 1986, katika kesi ya mfungwa wa Virginia, kwamba Wicca ni dini inayolindwa na katiba, ingawa haikumruhusu vifaa vya ibada alivyoomba. Na mwaka 2007, baada ya mjane wa askari aliyeuawa Afghanistan kupigania jambo hilo, serikali ikakubali nyota ndani ya duara ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi, kando ya msalaba na hilali.

Mimi dini yangu ninayo na haina nafasi ya miungu wawili, na mpwa wangu yake vilevile. Hilo sikumficha. Lakini aliniuliza afanyeje zamu yake ikianza, nami nikamjibu hivi. Kwenye faili aandike Wicca kama bibi alivyoandika, asilitafsiri. Kidani asikivue bila kumuuliza. Kama chumba cha upasuaji kinalazimisha, akibandike kwa plasta au akiweke pale macho ya bibi yanapofika. Chakula hakuna kilichoharamishwa, ila amuulize, kwani wengine hawali nyama. Kama hali itakuwa mbaya, amuulize mapema ni nani aitwe, maana hawana padri wa zamu. Na akizungumza na mama yake nyumbani Tanga, asimwambie anamuuguza mchawi.

Alinijibu asubuhi yake kwa ujumbe mfupi. Bibi amelala vizuri. Ameomba pazia liachwe wazi, kwa sababu mwezi ulikuwa unakaribia kujaa.